Soseji Isiyo na Mkia

Kwanza niondoe uvumi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mama Dengu, anakula nyama. Anakula hasa, na mbavu zikimfikia hazirudi jikoni na kitu. Wanaosema anatengeneza soseji za soya kwa sababu ya mganga au kwa sababu ya kuringa hawajawahi kukaa naye meza moja. Anazitengeneza kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa, kama mwingine alivyofundishwa kushona au kunyoa.

Alifundishwa kwenye kiwanda kidogo cha vyakula vya soya. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waligawiwa vyombo badala ya stahili zao, yeye fungu lake likawa mashine ya kusagia na kujazia soseji. Kaka yangu ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho mpakani, kwa hiyo siku ya kuileta nyumbani tuliibeba mimi na wifi. Tulitukanana njia nzima kama mawifi wanavyopaswa kutukanana. Yeye alisema nina mikono ya kuhesabia noti tu. Mimi nikamwambia kaka yangu alioa mpagazi bila kujua.

Asiyejua kazi ile anadhani kuna utapeli ndani yake. Mimi nimesimama jikoni kwake nikaona. Soya na dengu zinalowekwa mpaka zinavimba, uyoga unakaangwa mpaka maji yote yanakauka, kisha vyote vinasagwa pamoja na kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi. Mashine inasukuma, yeye anaviringisha kwenye plastiki na kukaza ncha mbili kama peremende, anachemsha kwa moto mdogo, anapoza, anabandua. Ukizikaanga zinashika rangi, na jirani anachungulia dirishani kuuliza kuna mgeni gani. Shida haikuwa kwenye sufuria. Ilikuwa kwenye karatasi inayobandikwa juu ya pakiti.

Lebo ya kwanza aliiandika kwa uaminifu wa mtu ambaye hajawahi kuuza kitu: SOSEJI ZISIZO NA NYAMA. Supamaketi ya karibu ikakubali kuzijaribu. Nilipopata nafasi nilikwenda kusimama kando ya friza yao, najifanya nachagua samaki, kumbe nawaangalia watu. Mtu anainua pakiti, anaigeuza, imempendeza. Anasoma. Anairudisha, na wengine wanajifuta mkono kabisa. Mzee mmoja alimuuliza mkewe, "Sasa hiyo nyama waliyoitoa wameipeleka wapi?" Nilicheka, lakini nilimwelewa. Ukimtangaza bibi harusi kwa kusema hana kengeza wala hakoromi, wageni hawasikii "hana". Wanasikia kengeza, na wanaanza kumtazama macho.

Akabadilisha. Lebo ya pili ilikuwa ya kijani, ina jani, imeandikwa CHAKULA CHA AFYA. Supamaketi wakazihamishia kwenye friza ndogo ya pembeni, jirani na biskuti za wenye kisukari. Hapo watu wakaanza kuuliza, "Hizi ni za ugonjwa gani?" Mama mmoja alimnunulia mkwewe mwenye presha, akaiweka pakiti mbali na vyakula vyake kwenye kikapu, kama dawa. Mtu mzima na nguvu zake hataki kuambiwa ale chakula cha afya, anaona ni uchuro. Baada ya muda meneja akamwita wifi akamwambia, "Dada, bidhaa yako nzuri, ila haitembei." Akamrudishia zote ndani ya boksi.

Hapo ndipo dada wa wifi alipopiga simu. Kulikuwa na nafasi ya upishi kwenye hosteli ya wanafunzi, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Kulala hukohuko, kurudi sikukuu mpaka sikukuu. Watoto wangebaki kwetu. Wifi hakutaka kwenda, alisema wazi hataki, lakini kaka peke yake hakuwa akiweza kulisha nyumba ile. Alimwomba dada yake ampe mwezi mmoja wa kujaribu tena. Kilichokosekana kilikuwa mahali penye baridi pa kuziweka soseji, mbele ya macho ya wateja. Na kwenye familia yetu palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: bucha la Baba.

Baba yangu ni mtu wa bucha tangu kabla sijazaliwa. Mimi ndiye nakaa kwenye droo ya pesa, yeye anakata. Bucha letu halina urembo. Lina mizani, gogo, kulabu, friza yenye kioo, na feni inayolalamika. Lakini kuna jambo moja Baba halifanyii mzaha. Akitundika mnyama, mkia anauacha pale pale, na ngozi kidogo miguuni. Mteja akisimama mlangoni anajua huyu ng'ombe, huyu mbuzi, huyu kondoo, bila kuuliza. Wauzaji wengine wanakata mkia wanauza haraka. Baba anasema ukishakata mkia, mnyama wako anaweza kuwa yeyote. Kwa sababu hiyo watu wanapita mabucha mengine wanakuja kwetu.

Wifi alimwendea kwa heshima zote, akapiga magoti kidogo, macho chini.

"Baba, nina ombi."

"Sema, mama."

Akasema. Baba alimsikiliza huku akinoa kisu, na nilijua kwa jinsi alivyokuwa akinoa kwamba jambo lenyewe limemkaa vibaya. Soya kwenye bucha! Mwishowe alisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Weka hapo rafu ya chini mpaka mwisho wa mwezi. Zikikaa bila kununuliwa, unatoa. Zikiniletea kelele, unatoa siku hiyohiyo. Jina langu ndilo mtaji wangu, sina jingine."

Wifi aliondoka hapo na mwezi wake mkononi na hofu yake. Akaenda kwa fundi wa kuchapa, kijana wa kofia ambaye ana jibu kwa kila swali. Fundi alizicheka lebo zote mbili. Akamwambia watu hawasomi, wanatazama picha. Akamchorea ng'ombe mnono anayecheka, na juu yake SOSEJI TAMU kwa herufi nyekundu. Soya na dengu zikaandikwa chini kabisa, kwenye ukingo wa karatasi. Wifi aliniambia hakumpenda yule ng'ombe. Lakini alikuwa amechoka kuwa mkweli kwa hasara, akazibeba.

Ziliuzika! Nasema kweli, rafu ya chini ilikuwa tupu kabla ya jua kupanda. Wateja waliona ng'ombe ndani ya bucha, wakaona sawa, wakanunua. Walirudi kununua tena. Wifi alianza kuimba jikoni. Baba aliziona pakiti zikitoka, lakini hakuwa na miwani yake na hakuzisogelea, alijua tu kwamba hakuna kelele. Hapo ningependa kusimulia kwamba mambo yalikwisha vizuri, lakini ya ng'ombe wa kuchorwa hayakai siri.

Aliyekuja alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu mkubwa mwenye sauti ya kushindana na mashine zake, mteja wetu wa miaka. Aliingia bucha likiwa limejaa, ameshika karatasi ya pakiti.

"Mzee! Mimi wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia? Na wewe?"

Baba akaweka shoka chini. "Kuna nini?"

"Umenilisha majani! Nimewakaribisha shemeji zangu, nimewaambia soseji za kwa mzee, nyama safi. Tumekula, tumesifu, mtoto wa darasa la tatu ndiye anatusomea huku chini. Dengu! Shemeji zangu wanacheka mpaka sasa."

"Mliumwa?"

"Hatukuumwa."

"Zilikuwa mbaya?"

"Mbaya wapi, tumemaliza pakiti mbili!"

"Basi unalalamikia nini?"

"Nalalamika nimedanganywa!"

Nilitegemea Baba atamjibu kwa ukali, maana ulimi wake nao umenolewa. Badala yake aliiomba karatasi, akaniomba miwani, akasoma juu mpaka chini, akamtazama yule ng'ombe muda mrefu. Kisha akasema mbele ya wote, "Una haki." Akamkatia nyama ya paja, kipande kizuri, akamfungia akakataa kulipwa. Halafu akafungua friza akatoa pakiti zote zilizobaki akazipanga mezani, na akanituma nimwite mkwewe.

Wifi alikuja na aproni yake. Watu hawakuondoka, mtu haachi sinema bure.

"Mama, hii ni nini?"

"Soseji za soya na dengu, Baba. Yameandikwa, hapo chini."

"Yameandikwa kwa ajili ya sisimizi?"

Baba akampa pakiti mkononi.

"Nikimtundika mbuzi hapa, nikamshonea mkia wa ng'ombe, halafu nikaandika 'mbuzi' kwenye kwato, nitakuwa nimesema kweli?"

"Hapana, Baba."

"Basi mkia wa hii uko wapi?"

Nilimwonea wifi uchungu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu wa damu yangu. Alizikusanya pakiti kwenye beseni akatoka nazo, na watu wakampisha njia kama anayebeba kitu kinachonuka, soseji zilezile walizozigombania jana yake.

Jioni nilimkuta jikoni anabandua lebo kwa maji ya moto. Nikavuta kigoda tukabandua wote. Ng'ombe walikuwa wanatoka vipandevipande, pembe huku, meno kule.

"Nikiandika hazina nyama, hawanunui," akasema. "Nikiandika za afya, wanadhani za wagonjwa. Nikichora ng'ombe, wananunua halafu wananitukana. Niambie wewe wifi unayejua kila kitu, niandike nini?"

"Kilichomo."

"Dengu? Nani aje bucha kununua dengu?"

"Sijui. Lakini Baba hajakwambia usirudi. Amekuuliza mkia."

"Alisema zikileta kelele natoa."

"Ukatoa. Mwezi haujaisha. Rudi na mkia."

Alinitazama kama anayetaka kunimwagia lile beseni. Kisha akaanza kucheka, cheko lile la mtu aliyechoka, na mimi nikacheka, mpaka mwanawe mdogo akaja kuuliza tumekuwaje.

Keshokutwa yake alirudi bucha kabla hatujafungua. Pakiti zilikuwa za plastiki angavu, soseji unaziona zenyewe. Karatasi ilikuwa ndogo, nyeupe, maandishi meusi ya saizi moja kutoka juu mpaka chini: soya, dengu, uyoga, kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi. Nyama hakuna. Kaanga kwa mafuta kidogo. Hakuna jani, hakuna mnyama anayecheka. Na mkononi alikuwa na sahani, nusu dengu kavu, nusu uyoga mbichi na punje za soya, akaiweka ndani ya kioo mbele ya soseji zake.

"Huo ndio mkia wake, Baba," akasema.

Baba alivaa miwani. Akasoma. Akatoka nje mpaka barabarani, akageuka, akatazama ndani kama mteja. Akarudi, akafungua kioo, akaisogeza ile sahani kidogo upande wa mlango ionekane zaidi, akaendelea na kazi yake. Kwa Baba hiyo ni hotuba nzima.

Lakini ukweli nao unataka mnunuzi. Wateja waliona sahani wakaanza utani. "Mzee, siku hizi unachinja dengu? Zinalia?" "Nipe paja la uyoga." Walicheka sana, walinunua kidogo. Hakuna aliyekasirika, na hakuna aliyerudisha pakiti, ila rafu haikupungua kama enzi za ng'ombe. Mwezi ukawa unakwisha. Dada yake alipiga simu kuuliza kama amtunzie nafasi, wifi akamwambia asubiri kidogo, na nilimwona akikunja nguo za watoto taratibu mno, kama anayezihesabia siku.

Kuna mama mwenye saluni mkabala na sisi, mwanamke mchangamfu, akinunua kitu saluni nzima inakinunua. Siku moja mchana akainama kwenye kioo, akasoma, akamuuliza Baba, "Mzee, hizi nzuri?"

Baba angeweza kusema ndiyo. Muuzaji gani asingesema? Lakini Baba hajawahi kumvika mtu kilemba cha ukoka, hata akimuuzia. "Sijaonja," akasema.

"He! Mwenye bucha hujaonja, mimi ndiye nijaribie kwa tumbo langu?" Akacheka, akachukua maini yake, akaenda. Wifi alikuwa nyuma anaosha trei. Alisikia yote. Aliendelea kuosha trei ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Mimi nilimkasirikia Baba waziwazi, nikamwambia neno moja la uongo lisingemuua. Akaendelea kukata nyama.

Asubuhi iliyofuata hakufika bucha kwa wakati wake, jambo ambalo halitokei. Nilifungua mwenyewe, nikakata mwenyewe, vibaya. Alikuja jua likiwa limekolea, akavaa koti lake jeupe, akanawa mikono, hakusema alikotoka. Mama wa saluni naye akaja, maana utani wa jana ulimnogea, na bucha lilikuwa na watu. Yule fundi wa kuchomelea pia alikuwa kwenye foleni.

"Ehe mzee, umeonja?"

"Nimeonja."

Mlango wa nyuma ukafunguka kidogo. Nilijua ni nani.

"Nzuri?"

"Mimi sikuzipenda," akasema Baba.

Nilifumba macho. Nilitamani feni ianguke.

"Mimi nimezeeka na nyama, meno yangu yanatafuta nyama," akaendelea, huku akifuta kisu. "Lakini nimekwenda jikoni kwa mkwe wangu alfajiri, nimesimama mpaka mwisho, nimeona kila kitu kikiingia kwenye mashine. Ni pasafi kuliko hapa. Pilipili manga imekolea, mafuta hayazidi, ukikaanga hazipasuki. Kilichoandikwa hapo ndicho kilichomo, na kisichoandikwa hakimo. Ukitaka nyama, nyama ile pale ina mkia. Ukitaka hizi, hizi ni za mkwe wangu."

Mama wa saluni alimtazama. Alizoea kusifiwa vitu mchana kutwa, losheni, nywele za bandia, wanaume. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kusikia muuzaji akisema hakipendi anachouza. "Basi nipe mbili," akasema.

"Na mimi moja," akasema fundi wa kuchomelea, akitazama upande mwingine. "Shemeji wanarudi Jumapili. Safari hii nawaambia mapema."

Nilikwenda nyuma. Wifi alikuwa amekaa juu ya kreti, aproni usoni, analia.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nimemsikia. Amesema hazipendi."

"Na wananunua."

"Nilimkaangia, akala yote, hakusema neno. Akaniaga akaondoka. Nilijua imekwisha." Akajifuta. "Wifi, amesema ni za mkwe wake. Mbele ya watu."

Baba akaita kutoka mbele, bila kugeuka. "Mama! Kesho lete nyingi. Na chumvi punguza."

Mpaka leo hazipendi. Nikimkaangia anasukuma sahani kwangu. Lakini ukiingia bucha letu ukauliza, atakueleza moja baada ya nyingine kila kilichomo, na mwisho atakwambia mwenyewe hali, na utatoka na pakiti. Hakuna lebo iliyowahi kuuza soseji zile kama mdomo wa mtu asiyezipenda.

Jioni ile, kabla hajavua aproni, wifi yangu alimpigia dada yake simu akamwambia ile nafasi ya hosteli ampe mtu mwingine.